Ufunguo wa Pili

Fundi alikuwa amechoka kabla hata hajafungua kibanda chake. Uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaisha. Mwaka mzima alikuwa akichonga funguo za pili: asubuhi funguo, mchana funguo, jioni akipenga kamasi linatoka na vumbi la shaba. Kazi ilikuwa nyingi na malipo hayakuwa mabaya, na fundi viatu wa kibanda cha jirani hakuacha kumchokoza.

"Wewe serikali imekupenda mpaka imekukumbatia," alimwambia.

Fundi alicheka kidogo. Ni kweli alikuwa amekumbatiwa, na mbavu zilikuwa zinauma.

Jambo lilianza vizuri, kama yanavyoanza mengi ya namna hii. Nyumba moja iliwaka moto mwenyewe akiwa amelala ndani, na majirani walipofanikiwa kuuvunja mlango walikuwa wamechelewa. Watu walilia kweli. Matanga hayajaanuliwa, ikatoka amri kwamba kila mwenye nyumba apeleke ufunguo wa pili katika ofisi ya mtaa, ili siku ya hatari mlango ufunguke upesi. Nani angepinga? Ukipinga unaonekana unataka watu waungue. Kwenye moto wakaongeza ugonjwa, kwenye ugonjwa wakaongeza tahadhari, na mwisho wakaongeza "ukaguzi wa kawaida", na hakuna aliyeuliza hiyo ni kawaida ya nani. Bandu bandu huisha gogo. Watu wa mtaa ule waliona vipande vikiruka na wakaendelea na shughuli zao, na tusiwalaumu sana, maana mtu akishinda kutwa akitafuta mkate, jioni hana nguvu ya kutafuta haki.

Fundi naye alikuwa hodari wa kukubali. "Ndiyo, bwana" ilimtoka kabla hajamaliza kusikia swali. Leseni yake ilitundikwa ukutani juu ya jiliwa la kubania vyuma, na ilisema wazi kwamba atakayefunga au kurekebisha kitasa bila kuchonga ufunguo wa ofisi atanyang'anywa leseni hiyo na kufungiwa kibanda. Hata vyuma chakavu havikuwa vyake tena. Kila wiki gari la ofisi lilipita kuchukua debe la mabaki, eti ufunguo mbovu usije ukaokotwa na mwizi. Fundi alikuwa akilitoa debe hilo nje mwenyewe, tena analifuta vumbi kwanza.

Siku moja asubuhi akaja Dada Mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yao alipofariki, kisha akaolewa, akafiwa na mume, na sasa alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya chumba na sebule. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na sauti yake ilibaki ile ile ya kuita watoto waje na sahani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Zima hiyo mashine."

Fundi akaizima.

"Nimekutana na Samahani njiani," Dada akasema.

Samahani alikuwa afisa wa usalama wa mtaa. Bila shaka wazazi wake walimpa jina, lakini hakuna aliyelitumia, kwa sababu kijana huyo hakuwahi kufungua kinywa bila kuomba radhi kwanza. Nguo zake zilipigwa pasi, kucha zake zilikuwa safi, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Kaniamkia vizuri," Dada aliendelea. "Kaniuliza habari za mguu. Halafu ananiambia, 'Samahani, mama, ule waya wa jiko lako umechubuka pale karibu na soketi. Ubadilishe, utakuja kukupiga shoti.'"

"Si amekutakia mema."

"Mdogo wangu, jiko langu liko chumbani. Nyuma ya pazia. Wewe uliyenyonya ziwa moja na mimi hujawahi kuuona huo waya."

Fundi akachukua tupa, akaiweka tena mezani.

"Nimerudi nyumbani nikauangalia," Dada akasema. "Umechubuka kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikakaa kitandani, nikawaza: na yeye alikaa hapa? Aligusa nini? Nguo zangu za ndani nazianika mle mle chumbani, kwa haya zangu. Ina maana mtoto wa watu kapita chini yake kama anapita chini ya bendera?"

Fundi angecheka kama si ule uso wa dada yake. Akasema lile neno ambalo kila mtu mtaani alikuwa akilisema, kwa sababu lilikuwa karibu na ulimi. "Lakini Dada, kama mtu huna cha kuficha..."

"Choo kina mlango," Dada akamkata. "Mle ndani kuna siri gani? Kuna mtu hajui tunafanya nini mle? Basi waanze kung'oa milango ya vyoo, wakimaliza ndiyo waje chumbani kwangu."

Fundi viatu, aliyekuwa amejitia kushona kiatu huku masikio yote yako huku, akapaliwa na kicheko. Dada hakumtazama.

"Nataka kitasa chenye ufunguo mmoja," alimwambia mdogo wake.

"Dada, leseni yangu."

"Sijakuomba leseni. Nimekuomba kitasa."

Hakumkumbusha alivyomlea. Hakumtajia uji, wala ada ya shule, wala usiku wa homa. Alisimama tu pale mlangoni na mkoba wake kwapani akingoja jibu. Angemkumbusha, Fundi angepata la kukasirikia na angekataa. Kwa kuwa hakumkumbusha, alasiri ile ile alikuwa kwa dada yake na mfuko wa vifaa.

Mafundi wa vitasa wana namna yao ya kazi. Wakipanga upya pini za kitasa, vile vichuma vidogo vya ndani, hawachongi ufunguo wa chuma moja kwa moja, maana chuma kikikosewa kimekosewa. Kwanza huchonga wa shaba laini. Wanauingiza, wanaugeuza, wanautoa, wanaupiga tupa kidogo, wanauingiza tena, mpaka kitasa kikubali. Hapo ndipo wanaunakili kwenye chuma, na ule wa shaba unakuwa takataka. Fundi alifanya hivyo hivyo, polepole, bila kuharibu kitu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuona mikono ikimuuma. Alimkabidhi dada yake ufunguo wa chuma. Dada akamtoa nje, akajifungia.

Fundi akabaki kibarazani. Alimsikia dada yake ndani akivuta kiti, akifungua bomba, akiimba kitu kisicho na maneno. Ilikuwa sauti ya mtu asiyesikilizwa na yeyote, na Fundi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akaondoka kimya kimya ili asiharibu.

Alipofika kibandani akafanya anachofanya kila jioni. Akakung'uta mifuko ya suruali juu ya debe la mabaki: vumbi, pini zilizopinda, na kipande kile cha shaba. Mkono uliozoea hauulizi kichwa. Kesho yake akalifuta debe vumbi, akalitoa nje, na gari la ofisi likapita.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Dada alinunua pazia jipya. Alianza tena kutania watu dukani. Siku ya ukaguzi, Samahani alijaribu ufunguo wake wa zamani, kitasa kikakataa, akaomba radhi kwa mlango, ndivyo walivyosema majirani, akaenda zake. Fundi alipopata habari hizo alijisikia mtu mrefu kidogo.

Kisha Dada akaja tena kibandani. Safari hii hakumwambia azime mashine. Fundi aliizima mwenyewe alipomwona.

"Nimekutana naye," Dada akasema. "Ananiambia, 'Samahani, mama, ule waya bado hujaubadilisha?'"

Fundi aligeuka akatazama pale debe linapokaa. Lilikuwa limerudishwa, tupu, safi. Akaona mkono wake unavyokung'uta mfuko, akaona mtu fulani ofisini, mwenye muda wa kutosha na mshahara wa mwisho wa mwezi, akiyapekua mabaki ya mafundi wote wa mtaa na kujaribu kipande kimoja kimoja katika milango ya wakaidi.

"Ni mimi, Dada," akasema. "Ule wa shaba. Niliutupa kwenye debe. Sikufikiri."

"Najua ni wewe. Nani mwingine aliyeushika?"

"Nisamehe."

"Pole," Dada akasema, akamshika bega, akaondoka. Fundi angependa atukanwe. Pole ile ilimkaa kifuani kutwa nzima.

Jioni Samahani alipita kibandani. Hakuja na askari, wala hakuja na adhabu. "Samahani, fundi," alisema, "naona ulisahau kuleta nakala ya kitasa cha dada yako. Tumekusaidia kuiandikisha. Mambo ni mengi, mtu unasahau."

Na Fundi akasema, "Ahsante, bwana." Ilimtoka hivyo hivyo, kwa mazoea. Samahani alipoondoka, Fundi akatema mate chini, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na fundi viatu alikuwa amelisikia.

Asubuhi iliyofuata Dada alimpigia simu. "Njoo na bisibisi."

Alimkuta amesimama kibarazani, amefunga kanga kiunoni kama siku za jikoni la shule. "Ng'oa," akamwambia.

"Ning'oe kitasa?"

"Ng'oa mlango."

"Dada, nyumba bila mlango? Utalalaje?"

"Kwani sasa ninao? Mlango unazuia mtu. Hiki kibao kinanificha mimi nisiwaone wao wakiingia. Ng'oa."

Fundi aliwahi kubishana na dada yake mara chache maishani na hakuwahi kushinda. Akafungua bawaba moja moja. Skrubu zilikuwa na kutu na moja ilikataa kabisa, ikabidi aipige patasi. Wakaushika mlango huku na huku, wakautoa uani, wakaulaza juu ya matofali. Dada akausugua kwa maji na sabuni akaufanya meza ya kuchambulia mchele. Kisha akachukua kigoda, akakiweka kwenye kizingiti, akaketi, akatazama barabara.

Mtaa ulisema yake. Wapo waliosema mama wa watu amerukwa na akili, ujane umempanda kichwani. Wapo waliosema ana haki, wakasema hivyo kwa sauti ya chini, kisha wakaenda zao nyumbani kwenye milango yenye funguo mbili. Hakuna aliyeng'oa wa kwake. Fundi viatu pekee ndiye aliyekwenda kumsalimu, akamshonea kandambili bure, akarudi kimya.

Samahani alipokuja na kishada chake cha funguo alisimama mbele ya kizingiti akakuna kichwa. Kanuni aliijua vizuri. Ilisema nyumba iliyofungwa, ambayo mwenyewe hayupo, itafunguliwa kwa ufunguo wa ofisi. Ya nyumba isiyofungwa na mwenyewe amekaa katikati haikusema kitu. Alitazama kishada, akamtazama mama kwenye kigoda. Mwisho akafanya ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima kwenye nyumba ile. Akapiga hodi.

"Nipo," Dada akasema. "Usiingie."

"Samahani, mama, ni ukaguzi wa kawaida tu."

"Nimekusikia. Na wewe umenisikia."

Samahani akasimama kidogo, akaaga, akaondoka. Dada alimsimulia Fundi mambo hayo jioni huku akichambua mchele. Hakuona raha ya ushindi. Alisema tu kwamba amechoka na mgongo unauma.

Na kweli ilichosha. Nyumba isiyo na mlango inataka mtu. Dada hakuweza kwenda sokoni, hakuweza kwenda kuswali na wenzake, hakuweza kuvuka barabara kununua chumvi. Usiku alisogeza kitanda mpaka kikaziba njia, akalala nusu jicho, na mbu wakamla. Fundi alimletea mboga na mafuta ya kupikia na maneno, na kila alipomtajia kuurudisha mlango, Dada alimwuliza, "Na kitasa cha nani?" Shoga yake wa tangu ujana alipofariki, Dada aliyasikia mazishi yakipita barabara ya pili. Alilia pale pale kwenye kigoda, bila kujificha, watu wakipita.

"Wamenifunga," alimwambia Fundi siku hiyo. "Wao hawakunigusa, nimejifunga mwenyewe. Lakini wamenifunga."

Kisha dawa zake za presha zikaisha, na daktari alikuwa hampi mtu dawa bila kumpima. Siku mbili Dada alijitia hana neno. Siku ya tatu Fundi alimkuta ameegemea fremu, jasho linamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Nenda hospitali," Fundi akasema. "Nitakaa mimi."

"Leo siku ya kazi."

"Nimekifunga kibanda."

Dada alimtazama kwa muda. Alikuwa akimjua mdogo wake kuliko mtu yeyote, na alijua namna "ndiyo, bwana" inavyomtoka. "Utaweza?"

"Kukaa tu?"

"Kukaa ndiko kugumu," Dada akasema. Akachukua mkoba, akatoka polepole kushika barabara ya hospitali.

Fundi akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi na magoti yakamfika kidevuni. Jua lilipanda. Alitazama ndani mara moja tu: kitanda kilichotandikwa, pazia jipya, vikombe viwili vimefunikwa. Hapakuwa na kitu cha thamani hata cha kumtia mwizi tamaa. Akageuza uso kuelekea barabarani kwa sababu hata kutazama kule ndani, peke yake, aliona hakumstahili.

Walikuja jua likiwa la utosi. Mtu gani aliyewaambia kwamba mwenye nyumba ametoka, Fundi hakujua na hakutaka kujua. Samahani alikuwa mbele, nyuma yake mkubwa wake wa ofisini, mzee mnene mwenye uso wa upole na kitambaa cha kujifutia jasho.

"Fundi, habari za kazi," Samahani akasema. "Samahani, mama hayupo?"

"Hayupo."

"Basi ni dakika chache tu. Sogea kidogo, tupite."

Kiuno cha Fundi kilianza kuinuka chenyewe. Hilo ni kweli na yeye mwenyewe hakulikana baadaye. Miaka yote ya kukubali ilimnyanyua makalio kutoka kwenye kigoda kabla hajawaza lolote, na "ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kisha akakumbuka ile pole na mkono wa dada yake begani, akarudi chini kwa uzito, kigoda kikalia.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?" mkubwa akauliza, kwa mshangao wa kweli.

"Kusogea."

Mkubwa akajifuta jasho. "Ndugu yangu, wewe si mwenye nyumba. Wewe una leseni yetu. Leo siku ya kazi na kibanda chako kimefungwa, wananchi wanahangaika. Unataka tuiangalie upya hiyo leseni?"

Fundi alifikiria jiliwa lake, mashine yake aliyoinunua kwa miaka, fundi viatu akikaa karibu na kibanda kilichopigwa utepe. Alitaka sana kusogea. Uchovu wote wa mwaka ule ulikuwa unamwambia asogee, apumzike, mambo yaishe, kwani ni dakika chache tu, na jiko lenyewe wameshaliona.

"Iko ukutani," akasema. "Kaichukueni. Ufunguo wa kibanda mnao."

Samahani alitazama chini. Kwa mara ya kwanza, kwa kadiri mtu yeyote anavyokumbuka, alikosa hata samahani ya kusema. Mkubwa akangoja. Alikuwa mtu mwenye uzoefu, alijua wengi wakingojewa kidogo huondoka wenyewe.

"Sogea, fundi," akasema tena, taratibu.

Fundi alishika fremu kwa mkono mmoja, pale bawaba zilipokuwa, na vidole vikaingia kwenye matundu ya skrubu.

"Tutarudi na kibali," mkubwa akasema mwishowe.

"Haya."

"Na kibali kikija, tutakutoa."

"Najua," Fundi akasema, na alijua kweli.

Wakaondoka. Hakuna aliyempigia Fundi makofi. Jirani mmoja alifunga dirisha. Kwenye saa za mchana zilizofuata watu wengine wa ofisi walipita mara mbili, mmoja kwa upole na mmoja kwa ukali, na wote walimwambia neno lile lile, na kila mara kiuno kilitaka kuinuka. Miguu ilikufa ganzi. Kukojoa hakukojoa; alijibana.

Dada alirudi jua likipoa, mfuko wa dawa mkononi, anatembea kama mtu aliyeambiwa apumzike na hana pa kupumzikia. Akasimama mbele yake.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Wakaingia?"

"Hawakuingia."

Dada alimtazama, akatazama vidole vyake vilivyong'ang'ania fremu, vyenye alama za matundu. Hakusema ahsante wala pole. Alihamisha mfuko wa dawa mkono wa pili.

"Sogea nipite," akasema.

Fundi akasogea.